Maharage ya Fundi: kisa cha moto mmoja Manzese

Alikuja kwa ajili ya magoti, si kwa ajili ya unene. Mwanamke wa miaka 38, fundi cherehani, mama wa watoto wawili, anakaa Manzese, hatua chache kutoka barabara ya Morogoro. Alisema magoti yanamkataa akipanda daraja la waenda kwa miguu. Muuguzi akampima presha, 152 kwa 96, kisha akampandisha kwenye mizani: kilo 91. Urefu wake mita 1.58. Uwiano wa uzito na urefu, yaani BMI, ukatoka 36 na kitu, na kuanzia 30 tunaita kiribatumbo, unene uliopitiliza. Akaelekezwa chumba cha mwisho kwenye korido, kwangu, mtu wa lishe.

Nitamwita Fundi. Mambo mawili matatu nimeyabadilisha ili jirani yake asimjue, lakini kisa chenyewe sijakigusa. Nakiandika kwa sababu kilinifundisha kazi yangu upya, na mafunzo hayo yalianza kwa kuniaibisha.

Siku ile ya Juni 2024 nilimfanyia nilichokuwa namfanyia kila mtu. Nilimuuliza anakula nini, akanitajia chai, chapati, wali, chipsi mara moja moja, soda kidogo. Nikampa karatasi. Punguza mafuta, punguza sukari, kula mboga na matunda kila siku, pendelea vya kuchemsha, tembea nusu saa. Karatasi ilikuwa na picha nzuri za rangi, na katikati ya orodha ya mboga kulikuwa na neno brokoli. Nimefanya kazi upande huu wa mji miaka 9 na sijawahi kukuta brokoli kwenye genge hata moja la Manzese. Niliitoa karatasi ile mara mamia bila kuliona neno hilo.

Agosti akarudi. Kilo 92. Nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri, mbona hujafuata tulichokubaliana. Akaikunja ile karatasi polepole kama anayekunja kitambaa cha mteja, akasema: "Samahani dokta, wewe unakaa wapi?" Mimi si dokta, ila kwetu kila aliyevaa koti jeupe ni dokta. Nikamwambia nakaa Kimara. "Basi siku moja, ukiwa unarudi, shuka Manzese saa moja usiku. Uje uninunulie hiyo mboga."

Nikashuka, na nilifika mapema.

Nianze na pale anaposhinda. Kibaraza cha duka, cherehani mbili, moja yake na moja ya binti anayejifunza. Anakaa hapo tangu saa 2 asubuhi mpaka saa 2 usiku. Cherehani yake zamani ilikuwa ya kukanyaga. Miaka michache nyuma aliifunga mota, kazi ikaenda haraka na miguu ikastarehe. "Hata kukanyaga sikanyagi tena," aliniambia, akicheka, akanionyesha kile kikanyagio kilichogeuka mahali pa kuwekea viatu.

Wateja wanaosubiri nguo hununua soda, na kwa adabu yetu hakuna anayekunywa peke yake mbele ya fundi anayemshonea. Siku hiyo, kwa saa mbili nilizokaa, zililetwa mbili. Soda nyingi za chupa ya mililita 350 zina sukari ya kama vijiko vya chai 8 hadi 10. Aliponiambia "soda kidogo" hakuwa ananidanganya. Hakuzihesabu kwa sababu hakuzinunua yeye. Mimi kwenye fomu yangu niliuliza anachonunua na anachopika, sikuuliza anachokaribishwa. Maji ya chupa ndogo dukani kwa Mangi yalikuwa shilingi 500, soda 700. Kwa mgeni anayetaka kuonekana amekaribisha, hiyo 200 si kitu.

Saa 1 tukatembea. Nyumba yake ni ya kupanga, vyumba sita, uani kuna bomba na majiko ya mkaa yamepangwa ukutani, kila jiko na mwenyewe. Kutoka mlangoni kwake nilihesabu hatua 300 kila upande wa mtaa. Mchana ungekuta magenge mawili, mama ntilie wanne, muuza supu, na maduka matano ya vitu vidogo. Saa 1 usiku magenge yalikuwa yanafunikwa turubai. Mafungu ya mchicha yaliyobaki yalikuwa yamenyunyiziwa maji tangu asubuhi mpaka yamechoka, majani yamelala. Nyanya zilikuwepo, ndogo zile za mwisho. Mama ntilie wote walikwisha osha sufuria tangu saa 9. Vibanda vya chipsi vilikuwa saba, na vyote saba vinawaka taa. Kioo kimewashwa balbu kwa ndani, viazi vimerundikwa vinang'aa, mishikaki imepangwa mbele, redio inaimba. Ukitoka kwenye mtaa wenye giza, ile taa peke yake ni mwaliko.

Kulikuwa na mama mmoja wa matunda pale kona, Fundi alinionyesha mahali pake. Oktoba 2021, wamachinga walipoondolewa kando ya barabara Dar es Salaam na kupelekwa maeneo yaliyopangwa, yule mama alikwenda na hakurudi. Wauza chipsi walibaki, kwa sababu kibanda chao kimejishikiza kwenye fremu ya duka, kina umeme na mwenyewe analipa kodi. Wenye beseni la maembe hawana fremu. Sijui kama aliyepanga zoezi lile aliwahi kufikiri kwamba anapanga pia chakula cha jioni cha mtaa huu. Nadhani hakufikiri, na simlaumu sana. Mimi mwenyewe wa lishe sikufikiri.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana ndiyo kiini cha kisa.

Fundi ana watu wanne wa kuwalisha usiku: yeye, watoto wawili, na mdogo wake wa kike. Mume ni dereva wa malori ya masafa, siku nyingi yuko barabara ya Tunduma. Nilimwomba anipigie bei ya ugali na maharage, chakula ambacho sisi watu wa lishe tunakitaja kama cha mtu wa kipato cha chini, rahisi na bora. Maharage nusu kilo 1,600. Unga 1,200. Nyanya na vitunguu 700. Mafuta ya kupima 600. Nikafunga daftari, nikasema shilingi 4,100. Akanitazama. "Na mkaa?"

Mkaa wa 1,500. Maharage makavu yanachemka saa mbili na zaidi, na mkaa hauna huruma, unaisha wakati yenyewe bado yanagonga meno. Jumla 5,600.

Ana mtungi mdogo wa gesi, ule wa kilo 6. Lakini gesi ni ya chai ya asubuhi na kupasha. Kujaza mtungi ni pesa ya mkupuo, zaidi ya shilingi 20,000 kwa wakati mmoja, na mtu anayepata pesa kwa zipu na pindo hawezi kuichoma kwa maharage. "Gesi na maharage haviongei," ndivyo alivyosema. Wapangaji wenzake wote wanasema hivyo hivyo.

Chipsi kavu sahani mbili za 1,500, mishikaki minne ya 300. Shilingi 4,200. Kachumbari bure, chumvi bure, pilipili bure. Hakuna kusubiri, hakuna sufuria ya kuosha, hakuna kuamka uani usiku kupuliza moto. Na yale masaa mawili ya kuchemsha maharage ni masaa mawili ya kushona. Katika masaa mawili ya jioni, wateja wanapotoka kazini, huingiza kama 3,000 hivi. Ukiyaweka yote kwenye mizani moja, maharage ya "mtu wa kipato cha chini" yanamgharimu karibu 8,600, na chipsi ambazo mimi namwambia ni anasa zinamgharimu 4,200.

Nilikaa na namba hizi siku kadhaa. Kilichonisumbua ni hiki: kiazi si rahisi kuliko harage. Mafuta ya kula nchi hii tunaagiza nje kwa kiasi kikubwa, na bei yake ilipopaa 2022 kila mtu alilia. Kwa haki chipsi zilipaswa kuwa ghali. Zinashinda kwa sababu muuzaji anawasha moto mmoja kwa ajili ya watu sitini. Mkaa wake unagawanywa kwa sahani sitini, mafuta yake yanakaanga tangu alasiri mpaka usiku wa manane (na hapo pana habari nyingine, maana mafuta yale mwisho wa usiku yana rangi ya chai ya rangi). Fundi akipika maharage, moto mzima ni wake peke yake. Uani kwao majiko sita yanawaka sambamba, kila moja linachemsha nusu kilo. Mtaa umekwisha kuunganisha moto wa kukaanga. Moto wa kuchemsha kila nyumba inajilipia.

Kwenye karatasi yangu hapakuwa na neno mkaa.

Kabla sijaeleza tulichofanya, kuna kitu Fundi alinionyesha ambacho sijakiona kwenye ripoti yoyote. Ana daftari la vipimo. Kila mteja ana ukurasa: bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa gauni, kwa inchi, na tarehe. Amelianza 2012. Akanifungulia kurasa za wateja wa kudumu, bila kunisomea majina, akapitisha kidole kwenye mstari wa kiuno. Mmoja 29, 31, 31, 34, 38. Mwingine 33, kisha 36, kisha 41. Wachache walibaki palepale. Aliyepungua alikuwa mmoja, na huyo alikuwa ameumwa. Siku hizi, aliniambia, haachi tena akiba ya nusu inchi kwenye mshono wa pembeni kama alivyofundishwa. Anaacha inchi mbili kila upande bila kuulizwa, kwa sababu anajua kabla ya mwaka gauni litarudi kupanuliwa. Yeye alikwisha jua kwamba mtaa unanenepa, na alikwisha badilisha ufundi wake. Sisi ndio tulikuwa bado tunamwambia mmoja mmoja kwamba tatizo ni yeye.

Takwimu za nchi zinasema jambo lile lile kwa lugha yao. Katika uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2004/05, wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au kiribatumbo walikuwa asilimia 18. Mwaka 2015/16 wakawa 28. Mwaka 2022, 36. Kenya ilitoka 33 mwaka 2014 hadi 45 mwaka 2022. Wanawake wa nchi nzima hawawezi kuwa wamepoteza kiasi kwa pamoja ndani ya miaka 17. Kuna kitu kilichowazunguka kimebadilika.

Na hapa pana utafiti mmoja wa nyumbani ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu Fundi mwenyewe ni kama ukurasa uliochanwa humo. Watafiti waliwafuata watu 209 wa miaka 15 hadi 59 waliokuwa wanahama kutoka Morogoro vijijini kuja Dar es Salaam. Waliwapima kabla hawajahama, wakawapima tena baada ya kuhama. Ndani ya miezi 12 wanaume na wanawake waliongezeka, kwa wastani, zaidi ya kilo 2 kila mmoja. Wanaume waliokuwa wanafanya kazi za nguvu walishuka kutoka karibu wanane kati ya kumi hadi chini ya watatu. Matokeo yalichapishwa 2010. Ni watu wale wale, tumbo lile lile, mwaka mmoja tu.

Fundi alitoka Matombo, milima ya Uluguru, akiwa na miaka 19. Kwao alikuwa anashusha ndizi kichwani mpaka barabarani na kurudi juu na ndoo. Anasema hakuwahi kuwaza kula "vizuri". Alikula magimbi, ndizi, mboga za majani zilizoko nyuma ya nyumba, kwa sababu ndivyo vilivyokuwepo, na nyama ilikuja na sikukuu. Kuni zilikuwa za kuokota. Ukifikiri, hata hapo hakuchagua. Mlima ulimchagulia, kama Manzese inavyomchagulia sasa. Ndizi za kwao bado zinakuja Dar, zinashushwa Mabibo, soko la Mahakama ya Ndizi, si mbali hata kidogo na anapokaa. Lakini Mabibo ni asubuhi, na asubuhi yuko kwenye cherehani.

Nisifanye ionekane ni mkaa tu. Alipokuja mjini mwembamba, mwaka wa kwanza akanenepa, akarudi likizo Matombo na kila mtu akamwambia mji umekukubali. Mwanamke aliyenawiri ni sifa kwa mume wake pia. Na kukonda, hasa kwa mtu wa rika lake aliyeshuhudia miaka ile UKIMWI ulipokuwa unafagia, si jambo la kuchezea. "Nikipungua haraka, dokta, wateja wataanza kuulizana." Nilikuwa namuomba apunguze kilo 10 bila kumpa la kuwajibu. Tukakubaliana tupunguze polepole, na akiulizwa aseme ni magoti, ameambiwa na hospitali. Ugonjwa wa goti hauna aibu.

Watoto nitawapitia haraka ingawa wanastahili kisa chao. Kila mmoja anapewa 500 ya shule. Nje ya geti kuna kachori, mihogo ya kukaanga, ubuyu, barafu za rangi. Yule mkubwa ana miaka 11 na tayari daftari la mama yake lina ukurasa wake.

Tulifanya nini? Nilikwenda kwa mama ntilie wa karibu zaidi na nyumba ya Fundi. Nilimkuta saa 9 alasiri anamwaga majivu ambayo yalikuwa bado mekundu kwa chini. Nikamuuliza angechemsha maharage matupu, chumvi tu, yakaiva saa 12 jioni, angeyauza kwa bakuli? Alidhani namtania. Nani atanunua maharage yasiyoungwa? Nilimweleza kuwa Nairobi kina mama wengi mitaani wanauza githeri (mahindi na maharage) na maharagwe yaliyokwisha chemshwa, mtu anakwenda kuunga kwake kwa dakika kumi. Akasema Nairobi ni Nairobi. Fundi ndiye aliyemaliza mazungumzo: "Mimi nachukua bakuli mbili kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na nitakuletea watu."

Wiki ya kwanza ilikuwa balaa. Alichemsha asubuhi pamoja na ya mchana, akayafunika yakiwa ya moto, na kwa joto la Dar yakachacha kabla ya magharibi. Siku mbili mfululizo akamwaga. Hasara ile nililipa nusu, kwa sababu wazo lilikuwa langu. Kisha akageuza: analoweka usiku, anaweka motoni mara tu chakula cha mchana kinapotoka, kwenye mkaa ule ule ambao zamani aliumwaga. Maharage kilo 4 kwa bei ya jumla ni kama 11,200. Yanatoa bakuli 20 kubwa. Kwa 1,000 kila moja ni 20,000, ukitoa mkaa wa kuongezea wa 2,000 anabaki na 6,800. Kwa mtu aliyekuwa amekwisha funga siku, ni pesa ya maana.

Upande wa Fundi hesabu ikawa: maharage yaliyoiva bakuli mbili 2,000, unga 1,200, nyanya na vitunguu 700, mafuta ya 400 maana sasa anaunga tu, na gesi kidogo, kwa sababu ugali na kuunga havifiki nusu saa. Shilingi 4,300, bila kuhesabu gesi. Chipsi 4,200. Kwa mara ya kwanza vitu viwili vilisimama sawa mbele yake na akaweza kuchagua. Nilijifunza kutomwambia achague nini.

Soda ilikuwa rahisi zaidi na sikuitarajia. Aliweka dumu la maji ya kunywa na vikombe pale kibarazani, kwa kisingizio cha wateja. Mteja akimkuta anakunywa maji hamkaribishi soda. Kutoka mbili tatu kwa siku zikashuka hadi mbili tatu kwa wiki.

Wenzangu niliowasimulia waliniuliza kwa nini nisipeleke hoja serikali ya mtaa vibanda vya chipsi vipunguzwe. Nilikataa, na nina sababu ya Marekani. Mwaka 2008 jiji la Los Angeles lilizuia kufunguliwa kwa migahawa mipya ya vyakula vya haraka iliyosimama peke yake katika sehemu ya kusini ya jiji, eneo la watu wa kipato cha chini. Watafiti waliochapisha matokeo yao 2015 walikuta unene uliendelea kupanda, na katika eneo la zuio ulipanda zaidi kuliko kwingineko jijini. Iliyokuwepo ilibaki, na vyakula vile vile viliendelea kuuzwa kwenye maduka madogo. Kuondoa kitu bila kuweka kingine, na saa ile ile ya jioni, ni kumwacha mtu na njaa tu. Tena vibanda vile saba vinalisha familia za vijana saba, na chipsi za mara moja kwa wiki hazijamuua mtu.

Lakini nchi hiyo hiyo ina ushahidi wa upande wa pili. Katika miaka ya 1990 serikali ilizipa baadhi ya familia maskini, kwa bahati nasibu, hati za kuwasaidia kupanga nyumba kwenye mitaa yenye umaskini mdogo. Zaidi ya miaka 10 baadaye, wanawake waliopewa nafasi hiyo walikuwa na unene wa kupindukia na kisukari kidogo kuliko wasiopewa, matokeo ya 2011. Hawakufundishwa lishe. Walipewa mtaa mwingine. Fundi hawezi kupewa mtaa mwingine, wala hataki, mtaji wake ni wateja wa Manzese. Kwa hiyo ilibidi tuuguse mtaa wenyewe, hata kwa sufuria moja.

Mei 2024, mwezi mmoja kabla ya Fundi kufika kwangu, serikali yetu ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia wa miaka 10, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Nimesikia hotuba nyingi juu yake. Zinataja misitu, zinataja moshi na macho ya kina mama, na ni kweli zote. Sijasikia inayotaja maharage. Mtungi wa gesi unaojazwa kwa 2,000 leo na 2,000 kesho, kama tunavyonunua umeme, ungefanya kwa chakula cha jioni cha Manzese kile ambacho karatasi zangu za rangi hazitakaa zifanye.

Desemba Fundi alikuwa kilo 88 na nusu. Presha ilishuka, lakini alikuwa pia anameza dawa, kwa hiyo sifa hiyo siichukui. Magoti alisema yanaelewana. Januari mama ntilie alipata msiba kwao Singida akaenda wiki tatu, na mambo yote yakasimama siku ile ile. Hakukuwa na mwingine wa kuchemsha. Fundi alirudi kwenye taa za chipsi bila hata kujilaumu, na Februari akasoma 89 na nusu. Hicho ndicho kipimo cha kweli cha kazi yangu: kilo moja, kwa sababu mwanamke mmoja alikwenda kuzika.

Mei 2025 alisoma kilo 88. Kwa kitabu changu bado ana kiribatumbo. Kwa mtaa wake, bakuli zimetoka 20 zikafika 35 kwa jioni, na mama ntilie mwingine wa mtaa wa pili ameanza, yeye anauza na kunde. Bei imepanda hadi 1,200 baada ya mkaa kupanda masika, na wateja kadhaa, wenye watoto wengi zaidi, wamepotea.

Mara ya mwisho nilishuka pale Ijumaa saa 1 na dakika 20. Sufuria ilikuwa imegeuzwa kichwa chini, imekwisha oshwa. Kijana mmoja wa bodaboda alifika baada yangu, akauliza yamebaki, akaambiwa kesho awahi. Alisimama kidogo, akitazama huku na huku mtaani. Taa zilizokuwa zinawaka zilikuwa zile zile saba.